Upande Aliolalia Mama

Siku Dada Fundi alipolikata godoro la wazazi wake katikati, jua lilikuwa linawaka vizuri, majirani wameanika nguo, na redio ya msusi wa mlango wa pili inaimba kama kawaida yake. Hakuna bundi aliyelia juu ya paa. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wanapenda kusikia kwamba balaa lilipiga hodi kabla ya kuingia. Hili halikupiga hodi. Lilikaribishwa kwa mkasi.

Dada Fundi alikuwa fundi magodoro, yale ya pamba ya zamani, si haya ya sponji ambayo ukiyalalia mwaka mmoja unaanza kuzijua mbao za kitanda moja moja. Watu walimletea magodoro yaliyogandamana. Anayafungua, anaimwaga pamba uani, anaichapa kwa fimbo, anaichambua kwa vidole mpaka inajaa hewa, halafu anaishindilia ndani ya kitambaa kipya na kushona. Kazi hiyo alifundishwa na mama yake, aliyeifanya mpaka vidole vikapinda. Mama alikuwa anashona kwa mkono wa kushoto. Mishono yake ililalia upande wa kushoto, na watu wa mtaa waliijua hata kwa kupapasa.

Kazi hii ina miiko yake, kama kazi nyingine zote. Pamba ya marehemu huanikwa juani kwanza. Fundo la mwisho, lile linalofunga mdomo wa godoro, hubaki nje, maana halina pengine pa kwenda: mkono wa fundi uko nje, na fundo liko nje. Na mwiko mkubwa kuliko yote ni kwamba godoro la watu waliooana halikatwi. Mpe mtu mmoja, au lichome moto. "Kila mmoja ameacha lake upande wake," mama alikuwa akisema, "msije mkalitenganisha." Alilirudia hilo mpaka likachosha, na Dada Fundi alikuwa anaitikia "ndiyo, mama" huku anawaza mambo yake.

Basi mama akafa. Baba alishatangulia zamani. Wakabaki wawili: Dada Fundi, mkubwa, asiye na mume wala mtoto, anayeishi katika chumba cha nyuma ya karakana yake, na mdogo wake wa kiume, kitinda mimba, ambaye mtaa mzima ulimwita Kitinda hata baada ya kuota kitambi. Kitinda aliishi na mkewe na mtoto wao mchanga katika nyumba ya wazazi.

Machozi hayajakauka, Kitinda akaanza kugawa. Kabati lilibaki pale pale kwa sababu ni zito. Kitanda kikabaki kwa sababu kinaendana na kabati. Sufuria zikabaki kwa sababu mkewe ndiye mpishi. Kwa mgawo ule Dada Fundi angetoka na mwavuli. Akasema hataki kitu, anataka godoro tu. Mama aliugua juu yake na kufia juu yake, na ni yeye aliyekuwa akimgeuza na kumfulia mashuka miezi yote ile, wakati Kitinda anachungulia mlangoni na kuuliza, "Anaendeleaje?" kama mtu anayeuliza habari za mvua.

"Godoro ni la wote," Kitinda alisema. "Tugawane."

"Godoro hili haligawanywi. Unajua mama alikuwa anasema nini."

"Mama amekufa, dada. Kata."

Mtu mwingine angekuwa na kisingizio cha kutojua. Yeye alijua, tena kuliko wote. Lakini alikuwa na hasira, na alitaka yule mtoto wa mama aone jambo lenyewe lilivyo la aibu. Akalikokota godoro mpaka uani, akachora mstari wa chaki, akalipasua kutoka kichwani mpaka miguuni. Pamba ikatoka polepole kwenye mpasuko. Kitinda hakuona aibu yoyote, alikuwa anaangalia nusu ipi ni nene.

"Nataka upande wa mama," Dada Fundi alisema.

Kitinda akacheka. Upande wa baba ulikuwa umejaa, maana tangu mzee afe mama hakuwahi kuusogelea. "Uchukue tu," alisema. "Mimi sina kinyongo."

Dada Fundi alichambua nusu yake vizuri, akaishonea godoro jembamba la mtu mmoja, akalitandika chumbani kwake. Usiku ule hakupata hata lepe la usingizi. Akajiambia ni majonzi. Usiku uliofuata hivyo hivyo. Akasema ni majonzi bado. Wiki zilipoanza kupita akawa hana jina la kulipa jambo lenyewe.

Mtu asiyelala hakosi ushauri, maana kila anayelala anajiona daktari. Msusi alimwambia anywe maziwa ya moto. Muuza genge akamwambia aoge miguu kwa maji ya vuguvugu. Mwenye nyumba wake, mtu wa kulala fofofo tangu jua likizama, alimwambia aache kuwaza, kana kwamba mawazo ni maji ya bomba. Alikwenda zahanati. Daktari alimsikiliza vizuri, hilo tusimnyime: alale na kuamka saa zile zile, aache chai ya jioni, simu isiingie kitandani, na usingizi ukigoma ainuke afanye kazi nyepesi mpaka macho yalegee. Aliyafanya yote. Alichambua pamba za watu mpaka mito yote ya mtaa ikawa laini. Macho hayakulegea. Yalikauka, yakawa mekundu, na watoto wakaanza kumkwepa njiani.

Kitu kilichoanza kumsumbua zaidi ya uchovu ni kiwiko. Kila kulipopambazuka alijikuta hakulala chali wala kifudifudi. Ameegemea kiwiko cha kushoto, shingo imeinuka, sikio limeelekea mlangoni. Hakumbuki kujiinua. Na kwenye godoro, mahali pale pale, palikuwa na kishimo cha kiwiko. Alilifungua, akaichambua upya ile pamba, akalifunga. Kesho yake kishimo kimerudi. Kilikuwa kidogo kuliko kiwiko chake.

Halafu akasikia.

Ilikuwa mchana, saa za watu kusinzia baada ya kula. Amejilaza hapo, mlango uko wazi, redio ya msusi inasikika. Macho yakaanza kuwa mazito, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi, na alikuwa karibu kushukuru. Chumbani kulikuwa na mtu anapumua. Pumzi fupi, za mtoto. Kila ikivutwa, kifua kinapiga filimbi nyembamba. Inavutwa, inatoka. Inavutwa, inatoka. Usingizi ulimchukua hatua moja tu, na zile pumzi zikakatika.

Akakurupuka. Akaketi. Zikarudi.

Aliijua filimbi ile. Kitinda alizaliwa na pumu, na katika miaka yake ya kwanza nyumba nzima iliishi kwa kufuata kifua chake. Walilala chumba kimoja: baba na mama kitandani, Kitinda katika kitanda chake kidogo karibu na mlango, Dada Fundi chini kwenye mkeka. Kila alipofumbua macho usiku alikiona kivuli cha mama, ameegemea kiwiko, anasikiliza. Baba pembeni yake amelala usingizi wa pono.

"Mama, lala," alikuwa anamwambia.

"Nikilala mimi, nani atamsikiliza?"

Pumu ilimwacha Kitinda alipokua, lakini mama hakuacha. Alikesha mpaka mtoto akaota ndevu, mpaka akaoa, mpaka akamleta mke chumba cha pili. Dada Fundi naye aliwahi kuugua utotoni, surua, mwili mzima unawaka. Mama alikuja akamgusa paji la uso, akasema, "Utapona," akarudi kitandani kuegemea kiwiko chake. Na kweli alipona. Lakini kuna vitu mtu anapona na bado anavibeba, na hiki alikibeba miaka yote, kimya, bila kumwambia mtu.

Sasa alikuwa amelalia ule mkesha. Amejichagulia mwenyewe, kwa mapenzi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Yeye alikilalia, akawajua.

Msusi ndiye aliyemtoa mle chumbani. "Shoga, utakufa umekaa," alimwambia. Akampa kidonge alichopewa mama mkwe wake hospitali, akamlaza kwenye kochi la saluni, mbali na lile godoro, akapunguza redio. Jua liko katikati ya anga. Dada Fundi alisikiliza: hakuna pumzi. Hakuna filimbi. Ni vitana tu na wateja wawili wanaomsengenya mtu. Alilala. Na alipokuwa anazama, raha kabisa, mtu akainama akamnong'oneza sikioni, karibu sana, pumzi yake ina harufu ya dawa alizokuwa akimnywesha yeye mwenyewe kwa kijiko.

"Mwanangu. Hapumui."

Aliamka ameshika mkono wa msusi. Msusi alikuwa anasuka mteja mwingine huko pembeni, hakuwa amemwinamia mtu. Hawajamaliza kuulizana, simu ikaita. Alikuwa wifi yake, mke wa Kitinda. Kitinda alikuwa amejilaza mchana, pumzi zikamkatika, akawa wa bluu midomoni. Kisha, hapo hapo, zikarudi zenyewe.

"Zimerudi lini?" Dada Fundi aliuliza.

"Sasa hivi. Kama mtu amemwamsha."

Alikwenda kwao jioni ile ile. Alimkuta Kitinda sebuleni, amenenepa, shavu lina alama ya mto. Kumbe tangu apate ile nusu ya baba alikuwa analala kuliko mtoto wake. Anachelewa kazini, akirudi analala, akila analala. Na kifua kile cha utotoni kilikuwa kimerudi. Alipozungumza, filimbi ilipenya kati ya maneno. Dada Fundi alimweleza yote, kuanzia kiwiko mpaka sauti ya saluni. Akamwomba nusu yake, aziunganishe pamba kama zilivyokuwa.

Kitinda alipiga miayo. "Yaani mimi nalala vizuri, wewe hulali, kwa hiyo nikupe godoro langu. Huo si ni wivu, dada?"

"Nikilala unakata pumzi. Mama alikuwa anakesha kwa ajili yako. Miaka yote ile."

"Si alikuwa mama? Ndiyo ilikuwa kazi yake." Akajinyoosha, akafumba macho pale pale kwenye kiti. "Na wewe huna mume, huna mtoto anayekusubiri. Kesha tu."

Dada Fundi alirudi kwake kwa miguu, na njia nzima yale maneno yalikuwa yanamtafuna. Kesha tu. Na alikesha. Uchungu ulioje, kumlinda mtu anayekucheka. Alijikalia kitandani anasikiliza filimbi ya mtu mzima mwenye kitambi, na kila alipotaka kufumba macho aliona uso wa bluu, na damu ni damu, akayafumbua.

Mwili lakini una mwisho wake. Alianza kuona vitu pembeni ya macho. Alijidunga sindano ndefu ya magodoro kiganjani, ikatokea upande wa pili, akaitazama kama sindano ya mtu mwingine. Msusi alimfunga jeraha huku analia. Daktari wa zahanati alimpima, akaacha kumpa mashauri, akamwambia kwa upole kwamba mtu hafi kwa kukosa mume wala mali, ila kwa hili anakufa.

Ndipo asubuhi moja mkokoteni ukasimama mbele ya karakana. Juu yake nusu ya baba. Nyuma yake wifi, mtoto mgongoni, khanga imefungwa ovyo.

"Haamki," wifi alisema. "Tangu juzi. Ninamwagia maji, ninamtingisha, anakoroma tu. Hospitali wamemchoma sindano ya kifua, wanasema moyo mzima, tumngoje. Nimemtoa juu ya hili nikamlaza chini, na bado haamki." Akashusha sauti. "Unganisha, wifi. Haraka. Nije nimlaze juu yake."

"Anaendeleaje kupumua?" Dada Fundi aliuliza, akashtuka kusikia lile neno la Kitinda likitoka kinywani mwake.

"Anapumua kama mtu anayesikilizwa," wifi alisema. Wala mwenyewe hakujua kwa nini alilisema hivyo. Akaondoka.

Dada Fundi alifanya kazi ile asubuhi nzima. Alifungua nusu ya baba. Pamba ilikuwa nyeupe, nyepesi, inaruka kwenye vidole, na ina harufu ya mafuta ya nywele ya mzee. Akafungua nusu ya mama. Ilikuwa mabonge. Kijivu, nzito, na ina unyevu, ingawa kiangazi kilikuwa kikali na yeye aliianika mara nyingi. Pale penye kiwiko palikuwa pagumu kama goti. Akazimwaga zote mbili uani, akazichapa, akazichanganya mpaka hakujua tena ipi ya nani. Akakata kitambaa kipana kipya, akashona pembe, akashona ubavu huu na ubavu huu. Akashindilia. Ulibaki mdomo tu, upande wa kichwani, wazi upana wa mabega. Uzi ukamwishia.

Uzi mwingine ulikuwa kwenye kopo, juu ya rafu. Alitakiwa kuinuka tu.

Alikaa kwenye ukingo wa godoro lile kubwa, katikati ya karakana, mlango umefungwa kwa ndani ili vumbi lisiingie. Jua lilipenya kwenye matundu ya mabati. Pumzi zilikuwepo. Hazikuwa za mtoto tena, zilikuwa nzito, za mtu mzima, na filimbi ile ile. Inavutwa. Inatoka. Aliwaza ainuke achukue uzi. Aliwaza yule mtu atalazwa juu ya godoro hili, zima, pande zote mbili, na yeye atarudi kwenye mkeka. Kama zamani. Aliwaza neno moja. Kesha tu.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo. "Nimechoka."

Inavutwa. Inatoka.

"Mimi alinisikiliza nani?"

Pumzi ziliendelea.

"Leo msikilize mwenyewe."

Akajilaza. Pamba ilimpokea. Nyuma ya mgongo wake mtu alisogea kumpisha nafasi. Alimsikia akijiinua. Alisikia kiwiko kikizama. Hakugeuka. Pumzi zilikuwa zinachelewa. Inavutwa. Kimya. Inatoka. Kimya kirefu. Alijua. Hilo msimtetee, alijua. Mkono mdogo, wa vidole vilivyopinda, ulimgusa begani na kumtingisha.

Akafumba macho.

Alilala jinsi ambavyo hajawahi kulala maishani mwake. Hakuota chochote.

Alipoamka mlango ulikuwa unagongwa, na jua lilikuwa limeingia upande mwingine wa karakana. Alikuwa sakafuni, kando ya godoro, mkono wake umekuwa mto. Mlangoni alikuwa msusi, na nyuma yake wifi, bila khanga kichwani. Hapakuwa na haja ya kuambiwa.

"Aliamka," wifi alisema. Hakuwa analia bado. "Mchana. Alifumbua macho yote mawili, mazima. Nikafurahi. Akaniuliza, 'Dada amelala?' Nikamwambia sijui. Akasikiliza kidogo, akasema, 'Amelala.' Basi. Hakuvuta tena."

Walimzika. Dada Fundi alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Msidhani mtu hawezi kumchukia mdogo wake na kumlilia siku moja. Usiku wa msiba alilala kwenye jamvi, katikati ya wanawake, kelele zote zile, na alilala. Walimwonea huruma wakasema amechoka. Tangu hapo hajapata kukosa usingizi. Akiweka kichwa chini, kwisha. Kuna usingizi ambao mtu angeurudisha kama angejua anapopaswa kuurudisha.

Godoro lilibaki karakana, limesimamishwa ukutani na kufunikwa shuka. Hakulitazama. Mpaka wifi alipokuja. Uso wake ulikuwa umekauka, mtoto mgongoni anakohoa.

"Nimekuja kuchukua nusu yetu," wifi alisema. "Ni haki ya mtoto."

Dada Fundi aliligeukia godoro pale ukutani. Alitaka kucheka. "Sawa," alisema. Wakalilaza chini, akafunua shuka, akachukua mkasi, akapapasa upande wa kichwani kuutafuta ule mdomo aliouacha wazi siku ile.

Mdomo ulikuwa umefungwa. Umeshonwa mshono wa karibu karibu, wa subira, unaolalia upande wa kushoto. Alipapasa kutafuta fundo. Akafuata mshono kutoka mwanzo mpaka mwisho, kisha akarudi. Wifi, aliyeishi na mama mkwe wake, fundi, ndani ya nyumba moja miaka mingi, alipiga magoti na kupapasa naye.

"Fundo liko wapi?" wifi alinong'ona.

"Liko ndani."

Wifi aliondoa mkono. Alirudi nyuma mpaka mgongo wa mtoto ukagusa mlango. Halafu akanyoosha kidole, na Dada Fundi akatazama pale kidole kilipoelekea, juu ya godoro lenyewe, ambalo tangu siku ile lilikuwa limesimama ukutani na halikulaliwa na mtu.

Palikuwa na kishimo cha kiwiko cha kushoto. Ndani ya mkunjo wa kiwiko hicho, kama limekumbatiwa, palikuwa na bonde dogo la mwili wa mtoto aliyejikunja. Wifi alifungua mlango akaenda zake na mtoto wake, wala hakudai tena chochote.

Dada Fundi alibaki amepiga magoti. Alipitisha kiganja, taratibu, upande wa pili, mahali alipolala yeye mchana ule mzima, alipolala usingizi wa maisha yake. Alipapasa mara mbili, mara tatu. Hapakuwa na alama yoyote. Palikuwa pamenyooka kama godoro ambalo halijawahi kulaliwa.